Mwenye ua ni nani?

BARUA

Tantine,

Hodi. Nakuandikia usiku, umeme umekwenda tena na cherehani imenyamaza, kwa hiyo herufi zikiruka unisamehe.

Nina miaka 28. Nilizaliwa hapa Lubumbashi, nikakulia Katuba, na ninashona nguo karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini. Baba yangu ni Mulamba wa upande wa Sakania. Mama ni Mukasai. Wazee wake walitoka Mbuji-Mayi, ila yeye alizaliwa Likasi. Nyumbani tunaongea Kiswahili. Kilamba nasikia nusu. Tshiluba nasikia yote, lakini nikijibu watu wanacheka.

Jumapili ya juzi mchumba wangu alileta wakubwa wake kujitambulisha. Yeye ni Mushi, kwao Bukavu, alikuja hapa kwa biashara ya vipuri. Walikuja sita, na kreti mbili za bia na moja ya soda. Mama alikuwa ameamka saa kumi ya usiku kupika. Msemaji wao, mzee mmoja wa kofia, akasema kama wanavyosema wote: "Tulipita barabarani tukaona ua zuri ndani ya parsele hii, kiwanja hiki. Tunaomba kujua mwenye ua ni nani, tusije tukamlipa asiye mwenyewe."

Baba akamtazama dada yake mkubwa. Shangazi akaweka glasi chini, akasema: "Huyu ni mtoto wa kwa mama yake. Kwetu ukoo unapita kwa mwanamke. Mali yake, mahari yake, sisi hatuwezi kuila, waulizeni wajomba."

Tukampigia mjomba, yuko Mbuji-Mayi, simu ikiwa kwenye spika katikati ya sahani. Mjomba alicheka, alidhani ni mzaha. Kisha akasema, kwa Kiswahili cha hapa hapa: "Mtoto ana baba. Baba yuko hai, amekaa hapo. Mimi nile mali ya mtoto wa mtu kwa haki gani?" Mtandao ukakatika, au alikata yeye, sijui.

Kila mtu akatazama sahani yake. Bukari, ugali wetu, ikapoa hadi ikaota ngozi juu. Ndipo yule mzee wa kofia, nadhani alitaka kutuchekesha, akasema: "Basi tumekuja kuoa mtoto asiye na mwenyewe." Mama akainuka, akaenda jikoni. Nikamsikia anasugua sufuria ambayo mimi nilikuwa nimeshaiosha.

Tangu siku hiyo silali. Shuleni nilikuwa Mukasai, kwa sababu ya jina alilonipa mama. Kwa ndugu za mama mimi ni mtu wa Katanga. Mchumba anasema twende komini, ofisi ya serikali, tusaini, tumalize, mali atampa baba mkononi. Lakini shangazi yake ameanza kumwambia kwamba mwanamke mwenye damu ya Kasai atamtawala na kujivuna mbele ya wakwe. Na wao nao, Tantine, unawajua watu wa Bukavu walivyo, wanahesabu kila kitu hadi njiti ya kiberiti. Naogopa wasije wakanihesabia na chumvi.

Mimi ni mtu wa nani? Na mali apokee nani?

Jambo dogo la mwisho. Mama anataka siku ya sherehe aje mama mmoja wa kwao aimbe kasala, wimbo wa sifa za ukoo. Shangazi amesema hataki kelele za Bakasai. Inaniuma, maana hao wawili walifahamiana kabla ya baba kutokea. Mama, alipokuwa msichana, aliishi kwao karibu mwaka mzima. Nifanyeje?

Binti wa cherehani, Katuba


JIBU

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, unisamehe, ni yule mzee wa kofia. Mara ya pili nilifika kwenye sufuria ya mama yako, kicheko kikaisha.

Unaandika kana kwamba Jumapili ile watu wawili walikukataa. Mimi nimesoma watu wawili walioogopa kula kisicho chao. Katika mji huu, ambako tunajua watu waliokula mali ya mtoto asiye wao bila hata kunawa mikono, mimi ningeanza kwa kuwashukuru.

Unanunua unga sokoni, unaijua meka, kile kipimo cha muuzaji. Muuzaji akijaza meka yake, hapo hakuna ubishi. Lakini mpelekee mtu ambaye kwao meka ni kubwa zaidi, atakuambia umeibiwa. Shangazi yako alikuja na meka ya kwao. Kwa Balamba, kama kwa Babemba na Bakaonde, mtu ni wa ukoo wa mama yake. Mwanamume analea watoto wake na kuwapenda, lakini ukoo wake unaendelea kwa watoto wa dada yake. Ndiyo maana baba yako alipoulizwa alimtazama dada. Usidhani ni woga. Angejibu peke yake, kwao ingekuwa utovu wa adabu. Mjomba naye alikuja na meka ya Baluba wa Kasai, ambako mtoto ni wa baba na ndugu za baba. Kwa Tshiluba shangazi anaitwa tatu mukaji, baba mwanamke. Sasa angalia walivyopishana: mjomba wako huko Mbuji-Mayi alikuwa akimngoja baba mwanamke aseme, na baba mwanamke amekaa hapo Katuba akimngoja mjomba.

Mjomba kwa lugha hiyo ni manseba. Mji wetu umelichukua neno hilo ukawavisha vijana wa taxi-moto, wale wa pikipiki. Kila asubuhi unamwita mjomba akupeleke Kenya, mnapatana bei, na hakuna anayeuliza ukoo.

Kama baba yako angekuwa Mukasai na mama Mulamba, siku ile wangekugombania hadi kreti za bia zianguke, kwa sababu kila upande ungekuhesabu wake. Wewe umezaliwa kwa mpangilio wa pili, ule ambao kila upande kwa heshima kabisa unakuhesabu wa mwenzake. Watu wa hivyo wamejaa mji huu. Mji wenyewe ulizaliwa mwaka 1910 na mgodi na reli, na Union Minière, kampuni ya migodi, ilipohitaji mikono iliikusanya kutoka Kasai, kutoka Rwanda na Burundi, kutoka ng'ambo ya mpaka ambako leo ni Zambia. Walipanga nyumba za kambi mlango kwa mlango. Hakuna aliyewauliza kwao mtoto ni wa nani.

Halafu neno lenyewe, mali, lilikuwa halina maana moja pale mezani. Kwa Babemba na majirani zao, zamani mkwe alioa kwa jasho: alihamia kijijini kwa mke, akalima shamba la wakwe, akajenga. Vitu alivyotoa vilikuwa vichache. Kwa Bashi mali ni ng'ombe, na ng'ombe huyo akishavuka uzio, watoto watakaozaliwa wamevuka naye. Kwa hiyo mzee wa kofia alipouliza mwenye ua, alikuwa anauliza watoto wenu watakuwa wa nani. Shangazi yako alisikia anaulizwa nani atakula. Mimi mwenyewe ningejibu vibaya hapo.

Na nimewahi kujibu vibaya. Nitakuambia, kwa kuwa umeniandikia usiku.

Mimi ni Muluba wa Bukama, binti wa mtu wa reli. Kwetu mtoto ni wa baba. Niliolewa na Mubemba wa Kasenga. Mwaka wa pili wa ndoa akaja kijana wa dada yake, begi moja na viatu mkononi, na kuanzia siku hiyo ada yake ya shule ndiyo iliyokuwa inatoka kwanza. Ya wanangu ilifuata. Nilimchukia yule kijana kimya kimya. Nilikuwa namtilia mchuzi bila nyama, nyama naificha chini ya sombe, majani ya mihogo, za wanangu. Nikawaambia ndugu zangu: hawa Babemba hawapendi watoto wao. Nililisema miaka mingi, kama mtu anavyosema mvua inalowesha.

Mume wangu alipofariki, nilificha karatasi za parsele ndani ya mfuko wa unga, maana nilijua wapwa wanakuja. Walikuja. Mmoja alikuja na kamioneti kuchukua friji, na huyo tulimalizana naye kwa sheria. Kodi ya Familia ya 1987, yaani kitabu cha sheria za familia, inawapa watoto robo tatu za urithi, na nilimsomea kifungu kwa sauti mbele ya majirani. Yule wa mchuzi bila nyama alikuja mikono mitupu. Alilala sebuleni kwangu miezi miwili, akaziba bati lililokuwa linavuja juu ya kitanda cha mdogo wetu, akaenda shuleni kwa wanangu kuulizia deni lao. Nikamwuliza kwa nini anahangaika. Alishangaa. "Mama," akasema, "mjomba amekufa, nani mwingine asimame?" Ndipo nikaelewa kwamba ada ile ilikuwa akiba. Mume wangu alikuwa amejenga ukuta wa nyumba yangu kwa namna ambayo mimi niliiita wizi. (Yule wa friji bado simsalimii. Desturi nzuri haimfanyi kila mtu kuwa mzuri.)

Nakuambia hayo kwa sababu kuna sentensi katika barua yako ambayo hukuiona. Umelia kwamba shangazi wa mchumba anakusema kwa damu ya Kasai, bila kukujua. Mstari unaofuata, kabla hata hujavuta pumzi, umeandika: "unawajua watu wa Bukavu walivyo." Siwajui, mwanangu. Namjua Mushi mmoja aliyenikopesha mabati mwaka mzima bila kuandika popote, na mwingine aliyenihesabia misumari. Kule kwao watu wamejaa milimani na shamba la mtu unalivuka kwa hatua chache. Anayelima kipande kama hicho atajifunza kuhesabu. Mtu wa hapa aliyezoea pori kubwa la miombo, na baadaye mshahara wa mwisho wa mwezi na ghala la kampuni, anamwona mchoyo. Naye anakuona wewe mtapanyaji. Ninyi wawili mnakaribia kuoana, na kila mmoja ana shangazi wa kumnong'oneza. Usiwe na wewe mwenyewe shangazi wa tatu.

Sasa nataka tukae kidogo kwa mjomba, maana hapo ndipo barua yako iliponishika.

Umesema mama alizaliwa Likasi. Umesema mjomba yuko Mbuji-Mayi, na alijibu kwa Kiswahili cha hapa hapa. Alifikaje huko? Umewahi kumwuliza?

Wewe ulikuwa hujazaliwa. Mwaka 1992 kule Likasi, kisha Kolwezi mwaka 1993, Bakasai walitolewa majumbani mwao na majirani waliokuwa wamekula nao. Waliitwa bilulu, wadudu. Watu walilala stesheni na magodoro na watoto, siku kwa wiki, wakingoja treni ya kuwapeleka "kwao", na wengi wao hiyo kwao walikuwa hawajawahi kuiona hata siku moja. Wengine walifia pale pale, au njiani. Waliofika walishuka wakiongea Kiswahili, na huko nao wakaonekana watu wa Katanga. Mimi nilikuwa mtu mzima wakati huo. Wimbo wa kuwatukana ulipita barabarani kwetu, na sikufunga dirisha.

Sijui kama mjomba wako alikuwa katika treni hizo. Lakini ikiwa alikuwamo, lile jibu lake lisikilize upya. Mtu aliyefukuzwa Katanga akiambiwa mwizi, leo anapigiwa simu kutoka Katanga, mbele ya wageni, anaambiwa aje ale mali ya mtoto wa Mulamba. Na mimi ningekata simu.

Na mama yako aliishi kwa akina shangazi karibu mwaka mzima, akiwa msichana, kabla baba yako hajatokea. Mwaka upi? Msichana wa Kikasai, wazee wake wako Likasi, anakaa mwaka mzima nyumbani kwa Balamba wasio ndugu zake. Usiniandikie jibu. Nenda kamwulize mama, siku mnapochambua lengalenga, mikono ikiwa na kazi. Na usimwulize shangazi akiwapo mama. Mmoja wao atamnyamazia mwenzake.

Kuhusu mali yenyewe, hiyo ndiyo sehemu rahisi. Mchumba wako hajakosea kabisa: kifungu cha 361 cha Kodi hiyo hiyo kinasema mali inatolewa kwa faida ya wazazi wa binti. Wazazi, maana yake baba na mama, na wewe unao wote wawili wakiwa hai. Kwa hiyo ofisa wa komini hatakusumbua kwa habari ya ukoo. Lakini mkikimbilia komini kwanza, mtakuwa mmewaachia wazee aibu ya Jumapili ile wazeeke nayo, na kila ugomvi wa ndoa yenu utarudi kwenye ile bukari iliyopoa.

Fanya hivi. Baba ampigie mjomba yeye mwenyewe, bila spika, bila wageni. Asimwambie "njoo ule". Amwambie: "Shemeji, kwetu mimi siwezi kupokea peke yangu. Njoo ukae karibu yangu." Hapo mjomba anaombwa kumsindikiza baba, jambo ambalo kwao ni halali, na shangazi anamwona mjomba amekaa pale ambapo kwao lazima mjomba akae. Kila mmoja ataona meka yake imejaa. Kama safari ya Mbuji-Mayi ni ngumu, atume mtu wa ukoo wao aliyeko hapa, hawakosekani, na sauti yake aitume usiku wa kabla. Mali ipokewe na mikono ya baba na mama kwa pamoja. Mjomba apewe mbuzi wake na mume wako, kama shukrani, nje ya hesabu ya mali, na hilo wakwe waelezwe kabla ya siku wasije wakaona fakture imeota mkia. Mweleze mchumba mambo haya yote wewe mwenyewe, naye amweleze mzee wa kofia. Mtu anayehesabu vizuri ataielewa hesabu akionyeshwa.

Umeniuliza wewe ni mtu wa nani. Bukari aliyoamkia mama yako saa kumi ni ya mahindi, na Balamba wa zamani walikula mtama. Mahindi yalivuka bahari kutoka Amerika, na mihogo ambayo Bakasai wanaichanganya na mahindi kwenye bidia yao, ugali wao, ilikuja njia hiyo hiyo. Msiri alitoka Unyamwezi, Tanzania ya leo, akafanya Bunkeya kuwa mji wake, akauawa na Wazungu mwaka 1891, na leo ukimwambia Muyeke, mtu wa kabila la Msiri, kwamba yeye ni mgeni Katanga atakupigia kelele. Kiswahili chetu kikifika Dar es Salaam kinachekwa. Wewe ni mtoto wa Mulamba na wa Mukasai, umezaliwa Lubumbashi, unashona Kenya. Anayekuuliza tena, mwambie yote manne kwa pumzi moja, na kama ana haraka hiyo ni shida yake.

Imebaki kasala. Shangazi anasema ni kelele kwa sababu anasikia sauti bila kusikia majina. Kasala kazi yake ni kutaja: waliotangulia, sifa zao, walikotoka. Kama yule mama atakayeimba atataja wa Kasai peke yao, shangazi atakaa hapo kama mgeni kwenye harusi ya mtoto wa kaka yake, na mimi nitakuwa upande wake. Muombe huyo mama aingize majina ya upande wa Sakania. Sio ya wanaume tu: mama wa baba yako, na mama yake huyo, na ukoo wao. Waimbaji wazuri wanaliweza hilo wakipewa majina mapema.

Majina hayo huyajui, nakuona. Baba anaweza kuyasahau nusu. Anayeyajua ni shangazi. Nenda kwake siku ya kazi, mchana, na sukari na sabuni ndani ya kikapu, ukachukue na daftari lako la vipimo. Andika kama atakavyotamka, na akisita kwenye jina moja, ngoja.